Supu ya Aliyetoka Salama

Leo tuzungumze kuhusu supu za nyumbani, pamoja na vile vitafunio vinavyowekwa pembeni yake. Duniani ziko supu za kila namna, na kipindi kingekwisha kabla sijamaliza kuzitaja. Nimechagua chache tu, na sababu ya kuzichagua ni hii: hazikupikiwa mtu mwenye nguvu zake. Zilipikiwa mtu aliyepita kwenye jambo zito akatoka hai. Mwanamke aliyejifungua. Mfungaji aliyeshinda na kiu tangu alfajiri. Watu waliovunja minyororo ya utumwa. Na mara nyingi anayeinywa supu ya namna hiyo siye aliyeipika. Mtu mwingine amesimama jikoni kwa niaba yake. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini, kwa sababu naliona linatuponyoka.

Nianze Kilimanjaro. Mwanamke wa Kichaga akijifungua, chakula kinachotajwa kwanza ni mtori. Kwa desturi za zamani mzazi alikaa ndani kwa miezi, hakulima, hakukata majani ya ng'ombe, hakubeba maji. Kazi yake ilikuwa moja, kupona na kunyonyesha, na kazi ya ukoo ilikuwa kumlisha. Baba mtu na wanaume wenzake walitafuta nyama. Mama mkwe, au mama mzazi, alikaa na chungu. Kikombe kikimfikia mzazi, aliambiwa, "Mwanangu, kunywa ungali moto," naye hakuulizwa kama ana njaa.

Mtori unaanza na mfupa. Chukua nyama ya ng'ombe yenye mifupa, mbavu au kidari, uiweke kwenye maji baridi pamoja na kitunguu na chumvi kidogo. Ikianza kuchemka, engua povu, kisha punguza moto. Hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha, na hapa ndipo supu inapoharibika. Kwenye kano, ngozi na gegedu la mfupa kuna protini iitwayo kolajeni. Ikipata joto la taratibu kwa saa mbili au zaidi, kolajeni hiyo hulegea na kugeuka jelatini, nayo ndiyo inayoipa supu ule uzito wake mdomoni. Ukiichemsha kwa fujo, mafuta na uchafu vinavurugika humo ndani, supu inakuwa na ukungu na nyama inakakamaa. Supu iliyolala kwenye friji ikaamka imeganda na kutikisika ni supu ambayo mfupa wake umetoa kilichomo.

Nyama ikiiva, itoe uichambue. Sasa zije ndizi. Wenyewe wa Moshi na Rombo watakuambia ndizi ya mtori ni mshare, kwa sababu inaiva ikawa laini na haiachi nyuzi. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, maana utomvu wa ndizi mbichi unashika na kugeuka mweusi. Kila ndizi unayoimenya itumbukize kwenye maji, isije ikabadilika rangi. Zichemshe ndani ya supu ile ile ya mifupa mpaka ziive kabisa, kisha ziponde kwa mwiko humo humo sufuriani. Rudisha nyama. Wapo wanaoongeza maziwa au siagi, wapo wanaotia karoti na nyanya. Mimi sioni haja ya nyanya, ingawa najua wengi hawatakubaliana nami. Kinachotakiwa ni mtori mwepesi unaoweza kunyweka kikombeni, kwa sababu mtu aliyechoka kiasi kile hapaswi kutafuna.

Chakula hiki kinalingana na mahitaji ya mwili. Mama anayenyonyesha anahitaji nguvu ya ziada ya kama kalori 500 kwa siku, anahitaji maji mengi kuliko kawaida yake, na baada ya kupoteza damu anahitaji madini ya chuma. Ndizi inampa nguvu, nyama inampa protini na chuma, supu yenyewe inampa maji. Akina bibi walilijua hilo kwa kuwatazama wazazi wengi na kuona nani amepona haraka.

Sasa nitazame mjini. Leo wengi wanajifungulia Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza au Mombasa, mama mzazi yuko mkoani, mama mkwe anaumwa miguu hawezi kusafiri. Mzazi anarudi kutoka hospitali akiwa na mtoto mikononi, anafika nyumbani, na mtu wa kwanza kuwasha jiko ni yeye mwenyewe. Nimeliona hili kwenye nyumba nyingi, na linaniuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka siku 3 za likizo ya malipo kwa baba. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 iliweka wiki 2. Siku 3 ni chache mno, nami ningependa ziongezwe. Lakini hata ndani ya siku 3 kuna nafasi ya kupika mtori, na zaidi ya mara moja.

Nasema na akina baba hasa. Supu si kitu kigeni kwenu. Supu ya mbuzi ya asubuhi, supu ya makongoro, supu ya utumbo yenye ndimu na pilipili ikisindikizwa na chapati, tunazijua tangu ujana, na kwenye vibanda vingi anayekoroga sufuria ni mwanamume. Mwanamume anayejua kuchagua kongoro zuri buchani, akajua wakati wa kuengua povu, ana ujuzi wote anaouhitaji. Kilichobaki ni kuuleta ujuzi huo jikoni kwake siku mke wake anapouhitaji kuliko siku nyingine zote.

Hapo mtu ataniambia, mbona dukani kuna vidonge vya ladha, unatia kimoja kwenye maji ya moto supu ikawa tayari? Vidonge hivyo vina historia ndefu. Mwaka 1908 kampuni ya Julius Maggi huko Uswisi ilitoa kidonge chake cha supu. Mwaka huo huo, Japani, mkemia Kikunae Ikeda aligundua kwamba ladha nzito ya supu ya mwani wa kombu inatokana na glutamati, na ugunduzi wake ukazaa unga wa ladha ambao sasa uko jikoni kote duniani. Sina ugomvi na anayekitumia kidonge kuongeza ladha kwenye mchuzi wa mboga. Ila ndani yake kilichojaa ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kidonge kinakupa harufu ya nyama. Ule uzito wa mfupa uliokaa motoni saa mbili hakina, na madini ya chuma ya ile nyama uliyoichambua hakina pia.

Huenda unajiuliza kama supu kweli inatibu au ni maneno ya faraja tu. Musa bin Maimun, tabibu mkubwa wa Kiyahudi aliyeishi Misri karne ya 12, aliwaandikia wagonjwa supu ya kuku. Mwaka 2000, daktari wa mapafu Stephen Rennard wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, alichapisha kwenye jarida la Chest majaribio aliyoyafanya maabara kwa supu ya kuku iliyopikwa nyumbani, kwa mapishi yaliyotoka kwa bibi wa mke wake. Aliona kwamba supu ile ilipunguza mwendo wa seli nyeupe za damu ambazo, mtu akiwa na mafua, zinakusanyika na kuleta uvimbe na kamasi. Hayo yalikuwa majaribio ya kwenye vyombo vya maabara, hayakufanywa kwa wagonjwa, na Rennard mwenyewe hakudai zaidi ya hapo. Kwa mgonjwa wa nyumbani mimi natosheka na yaliyo wazi: mvuke unafungua pua, chumvi kidogo na maji vinarudisha kilichopotea kwa jasho, na mtu ambaye chakula kigumu kinamkataa anaweza kunywa supu ya kuku wa kienyeji yenye tangawizi na limau.

Sasa twende mbali kidogo. Korea nako mzazi anapewa supu yake. Inaitwa miyeok-guk, nayo ni supu ya mwani. Mwani mkavu unalowekwa mpaka uvimbe, unakatwa, unakaangwa kidogo kwa mafuta ya ufuta pamoja na vipande vya nyama ya ng'ombe na kitunguu saumu, kisha unatiwa maji na kuachwa uive taratibu. Mama anakunywa kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua. Mwani una madini joto mengi, na ndiyo sababu madaktari wa siku hizi wanaonya usinywewe kupita kiasi, maana madini hayo yakizidi yanaweza kulivuruga tezi la shingo. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Mkorea huinywa supu hiyo hiyo kila siku yake ya kuzaliwa, maisha yake yote. Siku ambayo sisi tunampongeza mwenye sherehe, wao wanaweka mezani bakuli la mateso ya mama yake.

Huwezi kutaja mwani bila kuwataja wanawake wa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaofunga mbegu kwenye kamba na kuingia majini maji yanapokupwa wengi wao ni wanawake. Mwani wao si wa aina ile ya Korea. Mwingi unakaushwa na kusafirishwa nje ili kutolewa karagini, kiungo cha kuvipa uzito vyakula vya viwandani na dawa za meno. Natamani kuona wapishi wa Zanzibar wakizidi kuujaribu kwenye vyungu vyetu, pamoja na samaki na tui la nazi.

Kutoka kwa mzazi, nije kwa mfungaji. Moroko, mwezi wa Ramadhani, jua linapotua nyumba nyingi zinanukia harira. Hii ni supu nzito ya nyanya, dengu, na zile adesi ambazo ndugu zetu wa Kenya wanaziita kamande. Ndani yake mna vipande vidogo vya nyama, vitunguu, majani ya seleri, kotimiri nyingi, tangawizi, manjano na pilipili manga. Dengu zinalowekwa usiku wa kuamkia siku ya kupika. Mwishoni unga wa ngano uliokorogwa kwenye maji unamiminwa taratibu huku mkono mwingine ukikoroga bila kusimama, ili usifanye madonge, na hapo supu inapata ule uteute wake. Pembeni zinawekwa tende, mayai ya kuchemsha, na chebakia, zile keki za kukaanga zilizosokotwa, zikachovywa kwenye asali na kunyunyiziwa ufuta. Mtu anakunywa supu yenye chumvi na ndimu, anang'ata kitu kitamu, anarudi kwenye supu.

Mkazi wa Lamu, Tanga au Pemba ataitambua hekima hiyo mara moja. Sisi tunafungua kwa tende na uji wa pilipili manga kabla ya futari yenyewe, magimbi, mihogo na viazi vitamu vya nazi. Tumbo lililokaa tupu kutwa linaamshwa kwa kitu cha moto na chepesi, ndipo linapewa kazi. Na mezani hakukosi sambusa. Kitafunio hiki kimetembea: kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad karne ya 10, tayari kina sanbusaj, na ndugu zake sasa wametapakaa kuanzia India mpaka Moroko yenyewe. Wanaopika nyumbani wanajua kwamba siri ya sambusa ni ukavu. Kima kikaangwe mpaka maji yote yaishe, kitunguu kitiwe mwishoni baada ya kukamuliwa, kijazo kipoe kabisa ndipo kifungwe kwenye manda. Kijazo chenye maji kinalowesha manda, na sambusa inapasuka kwenye mafuta. Ushauri wangu ni mmoja: sambusa ije baada ya uji au supu. Mafuta yakitangulia kwenye tumbo tupu, usiku kucha yatakusumbua.

Supu ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandae mazungumzo haya.

Visiwani Karibi kuna nchi ya Haiti. Zamani iliitwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililoijaza Ulaya sukari na kahawa. Waliolima miwa hiyo walikuwa Waafrika waliovushwa Atlantiki wakiwa wamefungwa, wengi wao watu wa Kongo, na walikufa haraka kiasi kwamba meli mpya zililetwa kila mara kujaza nafasi zao. Katika nyumba za mabwana palikuwa na supu ya boga. Boga lilipandwa na mtumwa, likavunwa na mtumwa, likapikwa na mtumwa, na mtumwa hakuruhusiwa kulionja. Hapa utaratibu wote niliousifu kwenye mtori umepinduliwa. Mtu anampikia mwingine, lakini kwa kuchapwa viboko, na aliyedhoofika ndiye anayekoroga huku mwenye nguvu akinywa.

Agosti 1791 watumwa wale waliinuka. Walipigana miaka 12, na Novemba 1803, kwenye mapambano ya Vertières, walilishinda jeshi alilolituma Napoleon Bonaparte. Tarehe 1 Januari 1804, katika mji wa Gonaïves, Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru. Wahaiti husimulia kwamba siku ile waliinywa supu waliyokuwa wamenyimwa, na kwamba mke wa Dessalines, Marie-Claire Heureuse, ndiye aliyetaka igawiwe kwa watu wote. Tangu hapo, kila tarehe 1 Januari, Mhaiti popote alipo, Port-au-Prince, Miami au Montréal, anakunywa supu hiyo, soup joumou. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Haiti kuingia kwenye orodha hiyo. Ulikuwa mwaka mchungu kwao. Julai rais wao Jovenel Moïse aliuawa nyumbani kwake, na Agosti tetemeko la ardhi likaua watu zaidi ya 2,000.

Inavyopikwa, hakuna kitakachomshinda mpishi wa kwetu. Nyama ya ng'ombe inaoshwa kwa ndimu, kisha inalazwa usiku mzima kwenye viungo vilivyosagwa, kitunguu saumu, majani ya vitunguu, pilipili hoho na majani ya harufu. Wenyewe mchanganyiko huo wanauita epis. Asubuhi nyama inachemshwa polepole. Boga linapikwa mpaka liwe laini, linasagwa, linamiminwa kwenye supu ya nyama, na rangi inakuwa ya dhahabu. Zinafuata karoti, kabichi, viazi, na kiazi cha jamii ya magimbi, halafu makaroni. Pilipili mbuzi inatumbukizwa nzima, bila kupasuliwa, na inatolewa ingali nzima, ili iache harufu yake na kuondoka na ukali wake. Inapikwa kwenye sufuria kubwa kuliko familia, kwa sababu bakuli zitatoka. Mtoto anatumwa kwa jirani na bakuli, na anarudi na bakuli la jirani. Asiye na kitu siku hiyo hakosi supu.

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuielewa supu hii. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa hata baada ya hapo. Maboga tunayo, yanauzwa kwa bei nafuu, na wengi wetu hatuyapiki zaidi ya kuyachemsha au kuyatia nazi wakati wa futari. Ningefurahi tarehe 1 Januari ijayo nyumba kadhaa za huku zikiweka boga motoni, watoto wakaambiwa kwa nini, na bakuli zikavuka ua kwenda kwa majirani.

Lakini huna haja ya kusubiri Januari. Kama kuna mzazi kwenye mtaa wako, hata kama hamjuani sana, mpikie. Ulizia kwanza kama alipandwa na shinikizo la damu wakati wa ujauzito, maana huyo anaweza kuwa ameambiwa na daktari apunguze chumvi, na wewe ufuate alichoambiwa. Pilipili acha, au iweke kwenye kichupa pembeni. Mimina supu kwenye chupa ya chai ikiwa bado inatoa mvuke, nyama uiweke kwenye hotipoti peke yake, na ufike mchana, wakati wageni wengi hawajaja na mwenye nyumba hajala. Mshike mtoto wewe ili mama ashike kikombe kwa mikono miwili. Usimwache ainuke kukukaribisha. Akimaliza kunywa, osha vyombo utakavyovikuta, umuulize kesho angependa ya kuku au ya mifupa, kisha umwache alale.